Kabla ya kurudisha birayi kwenye shamba lililolala

Kama unarudi kwenye shamba ambalo halijaguswa na jembe kwa misimu miwili au mitatu, usikimbilie kutafuta mbegu. Uchunguze udongo kwanza. Familia nyingi za Masisi na Walikale zimekuwa zikihama na kurudi tangu vita vilipoanza upya mwishoni mwa 2021, na nyingine zilihama tena mwanzoni mwa 2025, mapigano yalipofika Masisi-centre mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa tatu. Anayerudi huwa na mfuko mmoja wa mbegu, wa kukopa au wa msaada, na hana wa pili. Mbegu hiyo ikitafunwa chini ya ardhi kabla ya kutoa jani, msimu umepotea na deni limebaki. Miongoni mwa wadudu wanaoleta hasara hiyo yupo mmoja ambaye wengi wetu tulimchezea utotoni bila kujua kazi anayoifanya shambani.

Ni yule mbawakawa anayefyatuka. Usiku anafuata mwanga wa taa ya sola, anagonga ukuta, anaanguka barazani. Watoto wanamlaza chali na kusubiri. Anajikausha, miguu ameikunja tumboni, utasema amekufa. Halafu ghafla, tak! Amejirusha hewani, amepinduka, ameanguka tena. Akitua kwa miguu anakimbia. Akitua chali anarudia.

Miguu haishiriki kabisa katika mruko huo. Mgeuze chini juu umtazame kifuani kwenye mwanga mzuri. Baada ya jozi ya kwanza ya miguu utaona kimwiba kinachoelekea nyuma, na mbele ya jozi ya pili kuna kishimo kinachokipokea. Mdudu anapopinda mgongo, kimwiba kinatoka na kukwama kwenye ukingo wa kishimo. Msuli mkubwa wa kifuani unaendelea kuvuta, nguvu inajilimbikiza, na kimwiba bado kimekwama. Kinapoteleza, nguvu yote inatoka kwa mpigo mmoja. Ndivyo inavyokuwa unapoalisha kidole gumba na cha kati: kimoja kinamzuia mwenzake hadi anapoponyoka. Mwaka 1972 mtafiti M. E. G. Evans alichapisha vipimo vya mbawakawa mmoja wa jamii hii, mwenye uzito wa miligramu 40 hivi, akaonyesha kwamba anaweza kujirusha sentimita 30 kwenda juu, na kwamba mfyatuko wenyewe unakwisha kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kutimia. Ndege au mjusi aliyekwisha kumbana mdomoni hushtuka akamwachia.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu mfyatuko ndio kitambulisho chake. Duniani zimeelezwa aina zipatazo 10,000 za ukoo huu, ambao wataalamu wanauita Elateridae, na rangi na ukubwa wao hutofautiana sana. Ukitaka uhakika, mshike taratibu sehemu ya nyuma kwa vidole viwili, kichwa na kifua vikiwa huru. Ataanza kuinamisha kichwa na kukiinua kwa kishindo kidogo unachokisikia hadi kwenye ngozi ya vidole. Kisha tazama mabega yake: ngao ya kifua ina pembe mbili za nyuma zilizochongoka. Wapo mbawakawa wengine warefu, wanaong’aa kijani au shaba, ambao mabuu yao hutoboa miti, lakini hao hawafyatuki. Vimulimuli nao ni ukoo tofauti. Mbawakawa wafyatukao wenye taa mbili kifuani wapo, ila kwao ni Amerika ya joto, si huku kwetu.

Hana sumu, na mtoto akimchezea hapati madhara. Mwonye tu mtoto asimchanganye na yule mdudu mdogo, mwembamba, mwenye mikanda myekundu na myeusi, ambaye akisagwa juu ya ngozi anaacha malengelenge.

Watu wa Walikale huenda wakakutana na jitu la ukoo huu. Afrika ina jenasi iitwayo Tetralobus, ambayo baadhi ya aina zake hufika sentimita 8 kwa urefu, na dume lake lina papasi zilizochanuka pande mbili za kichwa. Mabuu yake yanaishi kwenye vichuguu vya mchwa, hivyo shamba lako la mahindi halimhusu. Ukimwona mwache aende.

Kwa jumla mbawakawa mzima hana kosa kubwa. Anakula chavua, maji matamu ya maua na majani kidogo, anaoana, anataga, anakufa. Kuwaua wale wachache walioanguka chini ya taa kunaridhisha moyo lakini hakuokoi kiazi hata kimoja, kwa sababu anayekula kiazi ni mtoto, na mtoto yuko ardhini tayari.

Jike hutaga kwenye udongo, na hupenda mahali penye majani mazito na unyevu. Buu linapoanguliwa ni jeupe na la milimita chache tu. Likikua huwa jembamba, la mviringo, la manjano au kahawia inayong’aa, lenye urefu wa sentimita 2 au zaidi, na ngozi ngumu hivi kwamba ukilibingirisha kati ya vidole halipondeki. Kwa ugumu huo wakulima wa nchi nyingi wanaliita funza waya, nami nitatumia jina hilo. Lina miguu sita mifupi, yote karibu na kichwa. Ukiligusa halijikunji. Linanyooka na kutafuta njia ya kurudi kwenye udongo.

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa hiyo tusiende haraka. Jembe likifukua funza mnene, mweupe, mwenye kichwa cha kahawia na mwili uliopinda, huyo ni mtoto wa mbawakawa wa aina nyingine kabisa, na anatafuna mizizi kwa namna nyingine. Ukikuta kiwavi laini wa kijivu anayejiviringa unapomgusa, na miche yako imekatwa usawa wa ardhi, huyo ni sota, na dawa yake ni kumwinda asubuhi pembeni mwa mche uliokatwa. Jongoo ana miguu mingi isiyohesabika kirahisi, naye mara nyingi huingia kwenye tundu lililotobolewa na mwingine. Mgumu zaidi kumtenga ni funza waya wa uongo, mtoto wa mbawakawa weusi wanaotembea juu ya udongo: anafanana sana na yule wa kweli, ila papasi zake zinaonekana waziwazi na miguu yake ya mbele ni mikubwa kuliko mingine. Kwa mkulima hasara ya hawa wawili inafanana, hasa kwenye mbegu inayoota, na kipimo nitakachoeleza kinawakamata wote.

Kiazi nacho kinasema. Funza waya huacha tundu jembamba, safi, lenye upana wa milimita 3 au 4, linaloingia moja kwa moja ndani. Nondo wa viazi huacha vijia vilivyojaa uchafu wake mweusi chini ya ganda na penye macho ya kiazi. Kiazi kinachotoa maji meupe mazito ukikikata na kukiminya ni mgonjwa wa mnyauko wa bakteria, na hapo usimlaumu mdudu. Mnyauko huo ni adui mkubwa zaidi wa birayi kwenye vilima vyetu. Mtu anayenunua dawa ya wadudu kwa ajili ya mnyauko amepoteza fedha mara mbili.

Kwenye mahindi dalili ni mistari yenye mapengo. Fukua pale ambapo mbegu haikuota. Ukikuta punje iliyobaki ganda tu, au mche mchanga uliotobolewa chini kidogo ya ardhi na jani la katikati limenyauka, endelea kufukua polepole kuuzunguka. Mara nyingi mhalifu bado yupo sentimita chache kutoka hapo.

Sasa kwa nini nilianza na shamba lililolala? Kwa sababu funza waya ni kiumbe wa majani. Katika nchi za baridi baadhi ya aina zake hukaa ardhini miaka 4 hadi 5 kabla ya kuwa mbawakawa, na kwenye joto maisha hayo hufupika, lakini bado si mdudu wa msimu mmoja. Mahali ambapo majani yameota bila kusumbuliwa, mama zake wanataga mwaka hadi mwaka, na watoto wa umri tofauti wanalundikana wakila mizizi ya majani. Mizizi ni mingi, hakuna anayegundua. Siku unapoyaondoa majani na kupanda viazi, umewanyima chakula chao cha kawaida na kuwabakizia mbegu yako peke yake. Hii ndiyo sababu hasara huwa kubwa katika msimu wa kwanza na ule unaofuata baada ya kuvunja majani, na ndiyo sababu jirani yako ambaye hakuwahi kuacha kulima anaweza kuvuna vizuri huku wewe ukitobolewa, ingawa udongo ni uleule na mbegu mligawana.

Uingereza iliyapitia haya kwa upana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Meli za chakula zilikuwa zikizamishwa, serikali ikawahimiza wakulima kulima malisho ya miaka mingi ili wapande ngano na viazi. Funza waya wakajitokeza kila upande. Kati ya 1939 na 1942 wataalamu walichukua sampuli za udongo England na Wales, wakakuta mashamba yenye funza zaidi ya milioni moja kwa eka moja. Kazi hiyo haikufanywa kwa udadisi tu. Idadi iliyopatikana ndiyo iliyotumika kumshauri mkulima apande nini, na wapi asithubutu kupanda viazi. Hatuhitaji maabara kufanya hivyo hivyo Mushaki au Kitchanga.

Masisi ina njia tatu za kumpata mdudu huyu. Ya kwanza ni malisho yanayolimwa kwa mara ya kwanza, na sisi ni nchi ya malisho: ng’ombe na jibini ya Masisi vimeishi juu ya majani ya kikuyu kwa miaka mingi. Ya pili ni shamba lililoachwa kwa vita. Ya tatu ni kingo za majani zinazopandwa kuzuia mmomonyoko, ambako funza hujificha na kuingia shambani kidogo kidogo. Kuhusu hizo kingo nataka nieleweke vizuri: usizing’oe. Kwenye mteremko wa Masisi mvua moja kubwa inaondoa udongo mwingi kuliko anachoweza kukuharibia funza kwa maisha yake yote. Acha kingo zisimame, ukate majani yake yasizae mbegu, na mistari miwili iliyo karibu nazo uipande maharage badala ya birayi.

Walikale ni habari nyingine. Wilaya hiyo ni ya msitu, na mashamba mengi ya mihogo, ndizi, mpunga, karanga na mahindi yanatokana na msitu uliokatwa. Ndani ya magogo yanayooza utakuta mabuu ya mbawakawa wafyatukao, mengine makubwa. Mengi ya hayo huwinda mabuu ya wadudu wengine ndani ya mti, na hayana shida na mbegu yako. Kwa hiyo usichome kila gogo ukidhani unasafisha shamba. Gogo linalooza linarudisha rutuba na linatunza wawindaji. Shaka ielekeze kwenye viwanja vya kando ya barabara na karibu na vijiji, ambako msitu umekwisha kitambo na majani yamechukua nafasi yake.

Kipimo ni hiki. Tafuta mahindi makavu yanayoota, yasiyotiwa dawa, uyaloweke kwa siku moja. Ukiwa na ngano au mtama, changanya. Kabla ya hapo, kama wiki mbili hivi, uwe umefyeka na kung’oa majani kwenye sehemu utakayopima, na hatua hii usiiruke. Mbegu inayoota hutoa hewa ya kaboni, na funza waya gizani hufuata hewa hiyo hadi kwenye chanzo. Mizizi hai nayo inaitoa. Ukitega mtego katikati ya majani, funza hana sababu ya kuacha mezani pake aje kwako, nawe utadhani shamba ni safi.

Chimba shimo la sentimita 10 hadi 15, weka konzi moja ya mbegu zilizoloweshwa, fukia, tengeneza kichuguu kidogo cha udongo juu yake na uchomeke kijiti cha alama. Kwa shamba la familia mashimo 10 yanatosha, yakitawanywa: mengine juu ya mteremko, mengine bondeni, mengine karibu na kingo za majani. Usiyaweke yote mahali pamoja kwa sababu funza hawakai sawasawa shambani. Huku juu kwenye baridi, kipande cha plastiki nyeusi juu ya kichuguu kinasaidia kupasha udongo joto. Baada ya siku 7 hadi 10 rudi na beseni au gunia jeupe. Fukua kila shimo pamoja na udongo unaolizunguka, mimina juu ya gunia, vunja mabonge kwa mkono, na pasua punje zilizovimba, kwa sababu wadogo huwa ndani yake.

Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu, yaani mvua za kwanza zikishanyesha kabla ya msimu A, au kabla ya kupanda msimu B. Kwenye kiangazi cha mwezi wa saba funza hushuka chini kukwepa ukavu, na mtego utarudi mtupu hata kama wapo wengi. Walikale, ambako mvua haikauki, unaweza kupima karibu wakati wowote.

Na kwa mashamba yaliyokuwa uwanja wa vita, kuna jambo lililo kubwa kuliko mdudu. Kabla ya kuchimba, tembea na wanaolifahamu eneo, waulize wapi palikuwa na mahandaki na kambi. Jembe likigonga chuma usiendelee, usikiokote, usimtume mtoto kukitazama. Weka alama kwa mbali na umjulishe chifu wa lokalite awaite wanaoondoa mabomu. Kiazi kinaweza kusubiri.

Ukikusanya idadi, gawa kwa mashimo. Kama umepata funza mmoja au zaidi kwa kila shimo kwa wastani, mimi nisingepanda birayi hapo msimu huu, wala viazi vitamu, wala karoti. Kama mashimo 10 yametoa mmoja au wawili tu, panda, ila viazi uviondoe ardhini mapema. Kama hukuona chochote na udongo ulikuwa na unyevu, shamba lako liko tayari, furahi.

Najua familia haiwezi kula ushauri. Mama aliyerudi na watoto watano hawezi kuambiwa alaze shamba tena. Kwa hiyo chagua cha kupanda, badala ya kuacha kupanda. Maharage na njegere huumia kidogo kuliko viazi na mahindi, na bahati njema ndivyo vyakula vya Masisi. Anza navyo kwenye sehemu iliyotoa funza wengi, palilia vizuri ili majani yasirudi, na rudisha birayi baada ya misimu miwili au zaidi, baada ya kupima tena. Kile kipande kilichotoa funza wachache ndicho kibebe birayi za kwanza. Ukilazimika kupanda mahindi penye funza, weka punje za ziada kwenye kila shimo na ubakize nyingine za kurudishia mapengo.

Kisha jembe lenyewe ni dawa. Likigeuza udongo mara mbili au tatu, kwa nafasi ya wiki kadhaa, linawatoa funza na pupa kwenye jua, na pupa hasa ni laini, haiwezi kujirudisha ardhini. Yangeyange wanaofuata ng’ombe watafuata jembe lako pia. Usiwafukuze, na usiruhusu watoto wawarushie mawe siku hiyo. Fungulia kuku waingie. Nguruwe, kwa wanaofuga, akifungwa kamba kwenye kipande kimoja baada ya kingine atafukua kuliko kibarua yeyote. Kwenye bustani ndogo ya nyuma ya nyumba unaweza kuwatega kwa mkono: kata kiazi kibovu vipande viwili, choma kila kimoja kwenye kijiti, kifukie sentimita 10, na kila baada ya siku mbili au tatu kichomoe, toa funza waliojichimbia, wape kuku, urudishe. Kwa hekta nzima kazi hiyo haiwezekani, lakini kwa bustani ya mboga inapunguza kweli.

Wapo wanaonyunyiza majivu. Majivu ni mazuri kwa udongo, endelea nayo, ila usiyahesabu kama kinga dhidi ya funza mwenye ngozi ngumu aliye sentimita 15 chini.

Huko Kanada, kwenye kisiwa cha Prince Edward ambacho kinaishi kwa viazi kuliko sisi, mtafiti Christine Noronha amefanya kazi mbili zinazofaa kujulikana hapa. Alionyesha kwamba haradali ya kahawia na ngano nyeusi zikizungushwa na viazi zinapunguza funza waya. Pia alibuni mtego wa mbawakawa wenyewe kwa taa ndogo ya sola na kikombe cha plastiki kilichozikwa hadi ukingoni: mdudu anakuja kwenye mwanga, anatumbukia, hapandi tena. Kwetu taa za sola zipo hadi Nyabiondo. Chama cha wakulima kinachoweza kutenga taa mbili au tatu kingejaribu mtego huo penye majani, na kila asubuhi kuhesabu walioingia, ili kijue miezi ambayo mbawakawa ni wengi. Hiyo ndiyo miezi ya kutoliacha shamba lako na majani marefu, kwa sababu ndipo wanapotafuta mahali pa kutaga.

Sasa sumu. Utakwenda sokoni Sake au Masisi-centre, umweleze muuzaji shida yako, naye atakwambia, “Mama, chukua hii, hii inamaliza kila kitu.” Itakuwa kwenye kichupa kisicho na karatasi, au kwenye kifuko kilichofungwa kwa uzi. Usinunue. Sumu isiyo na maandishi haina kipimo, haina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na daktari hatajua akutibu kwa lipi. Punje za carbofuran, ambazo bado huzunguka kwenye masoko ya sehemu hizi za Afrika, zinaua ndege kwa punje chache tu, na mwaka 2017 ziliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam wa kemikali hatari. Baada ya vita vya Ulaya wakulima walimwaga aldrin na dieldrin kwa ajili ya funza huyuhuyu. Ziliua kweli, kisha zikabaki kwenye udongo na kwenye mafuta ya wanyama kwa miaka mingi, hadi Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukazikataza. Sisi tunakunywa maziwa ya ng’ombe wanaolishwa kando ya mashamba hayo, na maji ya chemchemi yanayotoka chini ya vilima hivyo. Dawa inayonyunyizwa juu ya majani haimfikii funza hata kidogo, kwa hiyo mwenye kupiga bomba shamba zima baada ya mimea kuota amejitia sumu bure. Kama agronomu amekuja, ameona hesabu ya mashimo yako na akapendekeza mbegu iliyopakwa dawa yenye karatasi yake, msikilize, na mbegu hiyo isiliwe na mtu wala kuku.

Wakati wa kuvuna usichelewe. Viazi vilivyokwisha kukomaa, mashina yamekauka, na bado viko ardhini, ndivyo vinavyotobolewa zaidi, kwa kuwa mimea mingine yote imekufa na funza wamebakiwa na hivyo tu. Ganda likishakaza, toa. Najua watu huviacha kama ghala, hasa njia inapokuwa mbaya na chukudu haziwezi kushuka, lakini kwenye shamba lenye funza ghala hilo lina mlaji ndani. Ukishavitoa, vitenge hapohapo shambani. Vyenye tundu usivichanganye kwenye gunia la kuuza, maana mnunuzi akikata kimoja akaona tundu atashusha bei ya gunia zima, na kwa haki. Kula hivyo kwanza nyumbani, vikikatwa sehemu iliyotobolewa ni chakula kizuri. Kamwe usivifanye mbegu. Tundu ni mlango wa kuoza, na funza mwenyewe anaweza kuwa bado ndani ukampeleka kwenye shamba la binamu yako.

Jambo la mwisho linahitaji chupa ndogo tu. Ukipata funza ambao huna hakika nao, chemsha maji, watumbukize kwa dakika moja ili wasiwe weusi, kisha watie kwenye alkoli ya duka la dawa. Mbawakawa mzima anaweza kukaushwa na kuwekwa kwenye kiberiti chenye pamba. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi, ukitie ndani ya chupa: jina la kijiji, tarehe, zao lililokuwepo, na shamba lilikuwa limelala muda gani. Penseli haifutiki kwenye alkoli, wino wa kalamu unafutika. Mpe agronomu wa sekta, au mtu anayekwenda kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Goma, au kituo cha INERA cha Mulungu, Kivu Kusini. Pelekeni pamoja kama kijiji, chupa za Bihambwe, za Pinga, za Itebero, kila moja na kikaratasi chake, kwa sababu mtaalamu anayepokea chupa 20 zenye maelezo kamili anaweza kusema ni aina zipi, ziko wapi, na zinaanza kuruka mwezi gani.